Injini Nayo Hunywa

Lori hili halikuzaliwa kiwandani.
Chesisi ni ya basi la shule la Trelew,
injini ya trekta iliyouzwa kulipa madeni,
kichwa kilikuwa cha gari la mikate:
hata leo, joto likipanda na vioo vimefungwa,
kinanukia hamira.
Baba, Evaristo Curiqueo, aliliunga majira matatu ya baridi,
akalibatiza Mbishi.
Mama akasema amelipa jina lake mwenyewe.

Mipira ya oili aliikata
kwenye masalio ya bomba la maji moto la jikoni,
akaibana kwa klempu mbilimbili.
"Itafaa."
Ikafaa miaka sita.

Mwaka wa saba, kilomita arobaini kabla ya Gan Gan,
marobota ya sufu mgongoni,
taa nyekundu ikawaka, injini ikaanza kugonga
kama mdai mlangoni.
Nilizima palepale.
Tulilala njiani, upepo ukilisukasuka lori hadi alfajiri.
Baba aliilaumu taa.

Leo ni Julai, maji ya ndoo yameshika jiwe.
Nimelala chini ya Mbishi juu ya kadibodi.
Baba amekalia tairi bovu,
ananyonya chai yake chungu kwa mrija wa fedha,
anapigia hesabu kila nati ninayokaza:
"Hiyo kondoo mmoja.
Hiyo kondoo na paja."

Mipira mipya imevikwa wavu wa chuma.
Nimeizungushia utepe kabla ya kukata,
msumeno taratibu, taratibu,
na bado uzi mmoja umenichoma chini ya ukucha.
Nimetukana kwa Kihispania,
kisha, kwa kuwa hakikutosha, kwa lugha ya bibi.

Ule mpira wake wa zamani
nimeupasua kwa kisu, mwanzo hadi mwisho,
nikamwekea magotini.
Nje mzima. Ndani umevimba, umechunika,
tundu la kidole gumba limebaki la kalamu.

Hakusema kitu.
Mrija wake ulikuwa umeziba majani.
Akauchomoa, akaupuliza, akaupigapiga kwenye kiatu,
kisha akatulia hivyo:
mrija mkono huu, mpira mkono ule.

"Spana namba ngapi?"
"Ishirini na mbili."
Akanipa kabla sijanyoosha mkono.

Tumefunga dizeli, tumepiga starti tupu,
injini izunguke bila moto, inywe kwanza.
Mara ya kwanza sindano ya geji imelala.
Ya pili imelala.
Ya tatu imeinuka kidogo,
kama mtu aliyesikia jina lake usingizini,
ikapanda, ikasimama.

Nimefungua dizeli. Moshi mweusi, kisha mweupe,
kisha upepo ukauchukua wote.

Baba amekigonga kioo cha geji kwa ukucha.
"Inadanganya."
Akakigonga tena, akicheka kwa pua.

Nimerudi chini na tochi.
Kiungo kimoja kinatoa jasho.
Robo mzunguko.
Basi.