Miguu ya Toleo la Tisa

Mimi si mtu wa kusifu. Nilikuwa mkata karatasi
kwa mzee Ngowi, chapa na mihuri, nyuma ya stendi ya Moshi,
mashine moja inakohoa, ya pili imekufa, tunaitundikia makoti.
Aikande Temba aliingia siku ya masika
na kurasa kumi na sita ndani ya mfuko wa sukari,
akaziweka mezani kama mtu anayeweka mayai.

"Ni katuni," akasema. "Za wasichana."
Mzee akavua miwani. "Wasichana gani?"
"Wa miaka tisa, mpaka wachoke kuulizwa wanaolewa lini."
Mzee akacheka, akataka nusu ya fedha mbele.
Zikatoka noti zinazonuka maziwa.

Msichana wake aliitwa Sekunda.
Ana pengo la jino, ana baiskeli isiyo na breki,
anafungua redio za watu wa Pasua
na kuzifunga zikiwa zinasema ukweli.
Haji mtu kumwokoa. Hatoroki kwao.
Akikosea, anakosea ukurasa mzima,
na ukurasa unaofuata anaosha vyombo.

Wenye maduka walitaka mlima. Kila jalada, mlima.
Aliuchora mara moja tu, nyuma ya kamba ya nguo,
Kibo kikichungulia kati ya sketi mbili za shule.
"Ndivyo ninavyouona," alisema, "nikiwa naanika."

Aliuza mwenyewe Kiboriloni, kati ya ndizi mshare na mitumba.
Mwalimu mmoja wa Rau alifungia kabatini nakala arobaini,
wiki ya pili akaja kwa mlango wa nyuma
kuulizia kama toleo la saba limetoka.

La tisa ni langu. Aibu ile ni yangu.
Usiku wa kuamkia Jumamosi, umeme unakuja, unakwenda,
nikashusha kisu upana wa kidole juu ya alama.
Nakala mia sita.
Sekunda amesimama langoni kwao
na kila safu ya chini amekatwa vifundoni.
Nilimwambia nikitazama sakafu. Hakunitukana.
Alihesabu fedha, akazihesabu tena kama vile zingezaana,
akasema, "Peleka sokoni. Maji yamemwagika."

Kisha barua. Kwanza tatu, kisha bahasha kwa bahasha,
na ndani hamna malalamiko, mna miguu.
Wa Kibosho amempa gambuti za baba yake.
Wa Himo, ndala: ya kushoto ya bluu, ya kulia ya njano.
Mwingine amempa kwato za mbuzi, bila maelezo.
Na mmoja, Zubeda wa Majengo, darasa la tano,
amechora mguu mmoja na mkongojo,
chini yake kwa penseli: kama wangu.

Aikande alikaa na karatasi ile mpaka chai ikaota ngozi.
Toleo la kumi, Sekunda anatembea na mkongojo.
Hakuna aliyesimulia ajali. Muujiza haukuja.
Baiskeli ilifungwa pedali upya, ukurasa wa tatu,
yeye mwenyewe, spana mdomoni,
na redio za Pasua zikaendelea kuharibika
miaka kumi na minne.

Sasa mzee Ngowi yuko chini ya migomba yake,
pale kwetu wanauza vioo vya simu.
Vidole vya Aikande vimekaza; baridi ya Julai
hata kikombe anakishika kwa mikono miwili.
Juzi keshia wa benki alikataa kumwita namba inayofuata,
alisimama, akauliza, "Ile redio ya mama mkwe, ilipona?"
Foleni nzima ikasubiri jibu.

Mimi sikumwambia mtu kitu kimoja.
Vipande nilivyokata usiku ule sikuvitupa.
Viko kwenye kopo la majani ya chai, chini ya kitanda:
viatu vyeusi vya shule, jozi kwa jozi, kamba zimefungwa vizuri,
alivyovichora yeye mwanzo,
kabla hatujajua mguu ni wa nani.