Yasiyoingia Katika Muhtasari

Jumamosi, saa nane mchana. Barani, Malindi.
Waliohudhuria: thelathini na mmoja.
Ajenda ya kwanza ilikuwa viti.

Viti vya plastiki, vya buluu, mia na ishirini,
vingi bado vina msalaba wa utepe mwekundu
pale tulipokatazwa kukaa.
Bi Jumwa alikuja na kisu cha kumenyea muhogo,
akawa anabandua huku tukijadili,
krr, krr,
gundi ikimng'ang'ania kucha.

Tsuma, mweka hazina, alisoma hesabu.
Sadaka ilishuka hoteli za Casuarina zilipofungwa,
wapishi na watunza bustani na Changawa mpiga kinanda
wakarudi kwenye mihogo ya mama zao.
Paa linavuja penye madhabahu.
Kiwanja cha Mayungu kuna mtu anakitaka, ana pesa taslimu.
Niliandika: Hesabu ilipokelewa.
Sikuandika kwamba Tsuma alivua miwani
alipofika kwenye mstari wa majeneza.

Mchungaji Nyevu akauliza:
viti vikirudi ndani, tutavipangaje?
Tukadhani ni swali la fundi.
Akasimama Sidi, wa genge la nazi,
mtoto mgongoni, mwingine kwenye sketi.

"Mimi nilizalia nyumbani, mnajua.
Miaka tisa nimekaa benchi la nyuma.
Hakuna aliyenituma huko,
hakuna aliyeniita mbele.
Korona ilipokuja mkapima mita kwa kamba,
kila mtu na kiti chake, uani, jua lile lile,
nyuma ikapotea.
Mwaka mlioogopa pumzi yangu
ndio mwaka niliokaa kanisani.
Sasa mnasema turudi kawaida.
Kawaida ya nani?"

Kisu kikanyamaza.
Adhana ya alasiri ikapita juu ya mabati,
tukaiacha ipite, kama ilivyo ada,
na leo tulishukuru kupata cha kusikiliza.

Ajenda ya pili: simu ya Randu.
Ibada ya simuni iendelee, au bando liwe mabati?
Kahindi akasema kanisa ni miili, si betri.
Watu wakaguna kumuunga mkono. Niliguna nami,
maana baba yangu nilimzika kwenye kioo cha simu,
dakika kumi na mbili,
watu sita wamevaa kama wapulizia mikorosho dawa,
kisha chaji ikaisha.

Randu hakubisha. Aliongeza sauti tu.
Dama, kutoka Riyadh, kwa kunong'ona:
"Bwana asifiwe, kanisa. Niko stoo, mama mwenye nyumba amelala.
Mkizima, mniambie mapema,
nijue Jumapili ipi ni ya mwisho."

Tukapiga kura.
Kiwanja: kisiuzwe hadi Agosti.
Paa: harambee, tena.
Viti: duara. Kahindi alipinga,
akataka kupinga kwake kuandikwe. Nimekuandika.
Tulilijaribu papo hapo, magoti yakigongana;
duara halikuenea,
viti kumi vikabaki nje ya mlango,
na hakuna aliyejua kama huko ndiko nyuma mpya.
Sidi alikichukua kimoja akakaa hapo hapo kizingitini,
akacheka, akatwambia sogeeni.
Simu: iendelee. Mikono thelathini,
hata wa Kahindi, nusu.
Wangu ulikuwa unaandika.
Ulichelewa, ukapanda.

Utepe wote Bi Jumwa ameufinyanga mpira.
Watoto wanaupiga teke uani,
unanata, unaokota mchanga,
kila teke unazidi uzito.

Sasa ni usiku, nanakili kwa kalamu safi.
Penye Waliohudhuria nimefuta thelathini na mmoja,
nikaandika thelathini na wawili.
Penye Waliotoa udhuru mkono ulijiandikia wenyewe:
Baya, wa kengele.
Nimelikata.
Mchungaji akija kutia sahihi ataona
kalamu haikukata sana.