Mlango wa Daraja

Alhamisi ni siku ya majaribio. Łódź, ghorofa ya tatu
ya kiwanda kilichokuwa kikifuma shuka.
Mabomba ya joto yanagonga kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nimepanga viti sita, skrini sita,
na vita nilivyovijenga kwa miezi kumi na minne.

Ksawery ndiye wa kwanza kuua, kama kawaida yake.
Miaka kumi na mitano, vidole kama havina mifupa.
Hatazami adui alipo, anatazama atakapokuwa.
Kufa kwake ni chafya: anajifuta, anarudi.
"Rahisi," anasema,
na Radzimir, mwenye studio, analipokea neno kama kofi.
"Kaza," ananinong'oneza. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Kiti cha nne yupo Bi Halszka.
Alifuma humu humu miaka thelathini na mmoja,
dirisha la tatu, anasema, pale mlipoweka friji.
Mlango wa daraja umemuua mara kumi na moja. Nimehesabu.
Halalamiki. Mara ya kumi na mbili haingii,
anasimama nje akitazama ukuta nilikochora mvua.
"Mvua hii umeipatia," ananiambia,
na risasi inampata kichwani.

Nilicheka. Kisha nikaona haya.

Teodozja naye anazunguka na bendeji mkononi.
"Namtafuta wa kumfunga," anasema. "Katika vita vyako
watu wanakufa tu, hakuna anayeumia."
Sikuwa na jibu. Niliandika maneno yake kwenye kiganja.

Usiku nikabaki peke yangu na mlango wangu.
Mtaka cha mvunguni ainame, sawa,
lakini kitanda hiki seremala wake ni nani?
Nani aliyepima mvungu kwa mgongo wa kijana mmoja?

Sikupunguza maadui.
Kumpunguzia mtu ni kumtilia maji kwenye maziwa
kisha kumsifu kwa kumaliza kikombe.
Nilitoboa ukuta. Nikapandisha ngazi hadi darini,
ngazi ya polepole, yenye kutu, isiyo na sifa,
na huko juu nikaweka dirisha na darubini.
Nikawafundisha askari wangu kujeruhiwa:
kuanguka, kuita, kusubiri sekunde ishirini.
Kwa Bożydar, asiyesikia kwa sikio la kushoto,
nikazipa nyayo za adui kivuli chekundu pembeni mwa skrini.
Saa kumi alfajiri nikala mkate mkavu
nikiwa nimesimama, kama mtu anayeondoka.

Alhamisi nyingine.
Ksawery anaingia mlango uleule, moto uleule,
na sauti ya mtu mzima inamwambia sikioni:
"Kushoto. Nyuma ya pipa. Bado. Bado. Sasa."
Anafyatua.
"Ni nani huyo?" anauliza, hageuzi shingo.
Kiti cha nne, Bi Halszka anakoroga chai,
jicho kwenye darubini, kama anayetafuta
uzi mmoja uliokatika kati ya elfu mbili.
Pambano lile walishindwa, nisifiche.
Wote wawili walitaka lingine.
Radzimir hakusema kitu; aliijaribu ngazi mara mbili
alipodhani simwoni.

Ila kiti cha sita.
Gniewosz alicheza dakika nne, akaweka pedi chini
taratibu, kwa mikono miwili, akavaa koti.
Nikamfuata hadi kwenye lango. Ni vigumu? Ni rahisi mno?
Akatikisa kichwa.
"Mlio," alisema. "Mlio wake ni wa kweli."
Akaondoka akishika ukuta.

Sasa ni usiku, nazisikiliza bunduki zangu moja moja,
nazishusha, nazifunga vitambaa mdomoni,
nikitafuta ile ambayo yeye angeweza kukaa nayo chumba kimoja.
Nimefika ya tisa.
Huko chini tramu ya mwisho imekwaruza kona,
nami nimeshtuka.