Koili ya Tatu

Desemba gereji yangu hugeuka kitubio.
Wanapanga foleni Unga Limitedi tangu alfajiri,
funguo mkononi, viatu vimelowa matope,
na kila mmoja ananiigizia gari lake kwa mdomo:
"Linafanya tuk, tuk-tuk, halafu linanyamaza,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema."
"Langu lina kwikwi, fundi. Kwenye mlima tu.
Nikilileta kwako linatulia, linanitia aibu."
Mama Ndeanka hasemi neno. Anakohoa.
Nikawasha, nikasikiliza: kweli, ndivyo linavyokohoa.
Mwalimu mmoja wa Tengeru kaibandika taa ya injini plasta,
ile ya kidonda, rangi ya ngozi.
"Ilikuwa inanikodolea macho usiku," anasema.

Wote wanataka kufika.
Marangu, Machame, Useri, kabla ya mkesha.
Mimi kwetu Poli, hapo tu,
nauli yangu haizidi bei ya chapati na chai,
kwa hiyo nawatazama kama mtu wa ufukoni
anavyotazama waogeleaji.

Gaudens alikuja tarehe ishirini na Spasio lake.
Linamisi, alisema. Taa imewaka tangu Oktoba.
Plagi nzima, nozeli safi. Koili ya tatu imekufa.
Nikaweka nyingine, nikafuta kumbukumbu kwa mashine,
taa ikazimika, injini ikatulia
kama maji kwenye ndoo.

"Limepona?"
Limepona.
"Limepona kabisa?"
Hapo nikaacha kufuta mikono.

Shamba la maua liliwapunguza Machi, akanieleza,
akiliangalia tairi, si mimi.
Huko Useri mdogo wake ameezeka bati jipya,
mama kashaulizia mara mbili,
na mbuzi wa mwaka huu ni zamu yake.
"Naomba uniwashie ile taa tena. Nipige picha.
Gari likiwa bovu, mtu haulizwi mengi."

Miaka kumi na saba naondoa ugonjwa,
sijawahi kuombwa niurudishe.
Nikachomoa waya wa koili ya tatu.
Spasio likaanza kuchechemea palepale liliposimama,
boneti ikitetemeka, silensa ikitema,
taa ikapepesa, ikakaa, rangi ya chungwa bivu.
Akapiga picha tatu. Ya pili mkono ulitikisika.
"Na sauti," akasema.
Akainua simu juu ya injini,
mimi nikakanyaga mafuta, kidogo,
na sote tukabana pumzi
tusije tukaingia kwenye ushahidi.

Kutengeneza ilikuwa elfu thelathini.
Kuharibu, sikujua nimtoze ngapi.
Alikuwa na kumi. Akaacha ufunguo,
akashika njia ya Kilombero kwa miguu,
mgongo wima kuliko alivyokuja.
Nikarudisha waya.

Leo asubuhi namba nisiyoijua.
"Wewe ndiye fundi? Mimi Apolinari, Useri.
Namba yako imetokea kwenye picha, nyuma ya kioo,
pale ulipoichora getini.
Ile sauti tumeisikiliza na mama. Mara nne.
Mama anasema ni kifua cha marehemu baba kile kile,
wiki ile ya mwisho.
Ni shilingi ngapi?"

Thelathini, mdomo ukasema, kabla yangu.

"Mbuzi tutajua huku huku. Yeye aje."
Kisha simu ikatetema kiganjani: elfu hamsini.
Na ujumbe mfupi: *ya juu ni mafuta.*

Spasio liko pale chini ya mjakaranda,
maua yameanguka juu ya kioo, halina hata kikohozi.
Namba ya Gaudens ninayo.
Nimeibonyeza, nimeikata, nimeibonyeza.
Sijui nianze na lipi:
kwamba gari limepona,
au kwamba ile sauti ilifika.