Sekunde Kumi na Moja

Kanda ziliingia Jumatatu, ndani ya boksi la ndizi,
ishirini na tatu, na vumbi la darini
kwa Daktari Ruthven, marehemu,
aliyewahoji wafumaji wa magunia hapa Dundee
mwaka themanini na moja, akawaahidi kitabu,
kitabu kikamfia kichwani.

Kazi yangu ni ndogo, haiimbiki:
kubatiza kila faili, tarehe ianze na mwaka,
nakala tatu, moja ikae mbali na mto,
na kufuta.
Kufuta hasa. Mume anakuwa MUME, mtaa unakuwa MTAA,
msimamizi aliyewashikashika viuno anakuwa MSIMAMIZI
na huyo, nadhani, anashukuru.

M-17 anakohoa kanda nzima.
"Jina langu lina t mbili," anasema, "usikosee."
Lakini fomu, kwa saini yake mwenyewe: majina yasitajwe.
Nikazikata t zote mbili.

Februari tukaifungua hazina, theluji mlangoni.
Bila ada, bila nywila, asome atakaye.

Aprili ikaja barua kutoka Winnipeg,
mwanafunzi, Oleksandra Hrynkiw:
"Swali la arobaini, M-17, jedwali linasema hasi tisa.
Hasi tisa ni hakujibu, au hakuulizwa?"

Swali la arobaini: Kiwanda kilikuachia nini?

Nikavaa hedifoni. Kimya.
Sekunde ya tatu, saa ya ukutani.
Ya tano, kiti.
Ya sita kitu kama kitambaa, kama ngozi juu ya ngozi,
kinaendelea, kinaharakisha, kinakoma.
Ya kumi na moja Daktari anashusha pumzi: "Nimekuelewa."

Umeelewa nini, wewe mtu?

Nikamwendea Cargill, mlinzi wa usiku; mamake alifuma.
"Mle ndani nani angesikia? Walisemezana kwa mikono.
Mama alitugombeza kwa vidole hadi anakufa."

Kwetu husema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Hapa ulitangulia mshindo.

Basi alijibu.
Alijibu, na kinasa sauti hakina macho.
Alichosema sikijui, wala sitakibuni.
Nimeondoa hasi tisa, nimeandika msimbo mpya:
"Alijibu kwa mikono. Maneno hayakunaswa."
Toleo la pili, tarehe, sababu, jina langu,
na shukrani kwa Winnipeg.
Toleo la kwanza nimeliacha palepale
kosa letu lionekane.

Miaka arobaini tulimfanya bubu kwa tarakimu moja.

Jina lake liko kwenye kabati la chuma,
funguo mbili, watu wawili,
hadi mwaka ambao sitakuwapo.
Jioni napanda Hilltown kwenda nyumbani,
mikono mifukoni kwa baridi,
na humo gizani kidole changu kinaandika
t,
kinangoja kidogo,
t.