Daftari la Matukio, Robo ya Tatu

Mwenyekiti ameniambia niandike: hali ni shwari.
Nimeandika. Herufi kubwa, wino wa buluu,
chini yake mstari, kwa rula ya mwanangu wa darasa la nne.
Wizi wa baiskeli: mwaka jana kumi na moja, mwaka huu tatu.
Kuvunja nyumba: mbili.
Unyang'anyi: sifuri,
na sifuri nimeiviringa vizuri kama sahani iliyolambwa.

Wilayani watafurahi.
Watasema Ngamiani imetulia, watapiga muhuri, watakunywa chai.

Mimi nakaa barabara ya kumi na saba.
Najua kwa nini baiskeli haziibwi tena:
zimekwisha.
Atembeaye kwa miguu haibiwi baiskeli.

Na Bi Mwanahawa Mhina hayumo humu.
Mtungi wake wa gesi ulipokwenda, alikuja, akakaa benchi lile
tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri,
akaombwa hela ya karatasi.
Masufuria yalipoufuata mtungi, hakuja.
Siku hizi analala kaegemeza kinu mlangoni,
mchi ubavuni pake alipolala marehemu mumewe,
na katika hesabu yangu yeye ni mtu asiyeibiwa.

Mkitaka takwimu, kamuulizeni Shemdoe, fundi wa kuchomelea,
amekata nondo ngapi tangu Ramadhani,
madirisha mangapi yamegeuka matundu ya kuku
na sisi ndani, tukichungulia njia.
Muulizeni Mngazija wa duka la kona
kufuli anauza ngapi kwa wiki.
Hesabuni vigae vya chupa juu ya kuta.
Hiyo ndiyo robo ya tatu.

Halafu kuna ukurasa wa thelathini na mbili.

Usiku ule filimbi ililia mara tatu.
Nikatoka na tochi, daftari kwapani, kanga nimeivaa kinyume.
Walikuwa wamemzunguka Shekue, mtoto wa Hoza muuza mihogo,
miaka kumi na sita, na mfuniko wa chemba
ambao kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ni elfu nane.
Mdomo umepasuka. Mtu kashika tofali.
Mwingine anauliza nani ana kiberiti,
anauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kuwasha sigara.
Nikammulika mtoto usoni.
Akasema: Shikamoo, shangazi.

Sikuwa na la kusema. Nina kazi moja tu.
Nikachuchumaa, nikalifungua daftari juu ya goti, nikauliza: Jina?
La baba? La babu? La mama yake mama?
Ulizaliwa wapi, Bombo au nyumbani? Nani alimzalisha mamako?
Naandika herufi moja moja, kama anayeanza shule.
Kalamu ikagoma. Nikaitikisa. Nikaomba nyingine
kwa yule yule mwenye tofali,
naye ikambidi aliweke chini
apate kupapasa mifuko.

Tulipofika namba ya kiatu, muadhini akakohoa kwenye spika,
na watu wakakumbuka kwamba wana swala.

Mwenyekiti anataka ukurasa ule uchanwe, robo ibaki safi.
Nimeuchana. Umo kwenye kopo la unga wa muhogo, jikoni kwangu.
Sijapata kuandika kitu kirefu vile.

Jana Shekue kapita na ndoo za maji za mamake,
jino moja la mbele halipo. Shikamoo, shangazi.
Nikaitikia marahaba, kwa moyo wote nikaitikia,
na mkono wangu ukaenda wenyewe,
ukashika pindo la kanga
penye fundo la hela.