Wembe Usiotaka Nguvu

Juni, Njombe. Sakitu imelala juu ya kabichi,
birika linaguna jikoni.
Nimeupima mpini wa shaba kiganjani:
mzito kama kufuli la ghala.

Miaka ishirini nimekwangua kidevu
kwa nyembe za plastiki, nikikandamiza
kama anayeparua ukoko wa ugali.
Huu hautaki nguvu.
Unataka maji ya moto, povu,
na subira ya fundi viatu.

Shavu la kushoto, salama.
La kulia, salama, nakaribia sikio —
"Kamwene, Mgaya!"
Jirani, ng'ambo ya ua wa mianzi.
Adabu ni adabu. Nikaitika.

Tone moja jekundu kwenye povu.
Nikabandika kipande cha gazeti,
nikaenda kanisani na nusu ya tangazo la mbao
shavuni.